Oili ya tu-stroki kwenye dizeli: yanayosemwa gereji na ukweli wake

“Injini ya dizeli inataka oili ndani ya mafuta, ndiyo idumu”

Wapo wanaomwaga oili ya tu-stroki, ile ya kuchanganya na petroli, kwenye tenki la dizeli wakiamini inalainisha. Dhana hii imetoka kwenye mashine za boti na misumeno ya mnyororo. Injini ya petroli ya tu-stroki haina oili ya chini. Petroli na hewa hupitia kwanza kwenye chemba ya kranki ndipo zipande kwenye silinda, kwa hiyo beringi na pistoni hazipati oili nyingine zaidi ya ile uliyochanganya kwenye petroli. Ukisahau kuchanganya, inanoki.

Injini ya Hiace, Land Cruiser au Fuso ni foo-stroki. Oili yake iko kwenye sampu, yaani beseni la chini ya injini, na inasukumwa na pampu yake yenyewe. Dizeli inaingia mwisho kabisa, juu ya pistoni, inaungua na kutokea silensa. Oili uliyomwaga kwenye tenki haifiki kwenye kranki wala kwenye beringi. Vinavyotegemea dizeli ivilainishe ni pampu ya dizeli na nozeli zinazoipulizia kwenye silinda, basi. Ubishi wote wa gereji, ukiuchuja, unahusu vyuma hivyo viwili.

Hata pampu zenyewe hazifanani. Kwenye injini za Toyota kama 3L, 5L na 1HZ pampu ni ile ya duara, ambayo shafti, kamu na plunja (pistoni ndogo inayosukuma dizeli) vyote vinaogelea kwenye dizeli. Kwenye malori mengi ya zamani kuna pampu ndefu ya mstari, ambayo kamu yake hupata oili ya injini na dizeli hulainisha plunja tu. Ajabu ni kwamba wenye malori hayo, wenye sababu ndogo zaidi ya kuhangaika, mara nyingi ndio wanaomwaga oili nyingi zaidi.

“Dizeli ya siku hizi ni kavu, wameitoa salfa”

Hapa kuna nusu ya ukweli, na ndiyo inayoipa nguvu imani nzima. Kweli salfa imepunguzwa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishuka hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, Marekani walianza kuuza ya sehemu 15 mwaka 2006, na Ulaya wako kwenye 10 tangu 2009. Lakini salfa siyo iliyokuwa inalainisha. Kiwandani huondolewa kwa hidrojeni, joto na mgandamizo mkubwa, na kazi hiyohiyo huondoa misombo midogo yenye oksijeni na nitrojeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa inang’ang’ania kwenye chuma na kuacha utando mwembamba usioonekana.

Sweden waliliona hilo mapema. Walipoingiza dizeli yenye salfa kidogo sana miaka ya mwanzo ya 1990, pampu za duara zilianza kulika kabla ya wakati wake. Leo dizeli hupimwa kwa kipimo kinachoeleweka hata na asiye mhandisi. Gololi ya chuma ya milimita 6 hukandamizwa kwa uzito wa gramu 200 juu ya kisahani cha chuma kilichozama kwenye dizeli ya nyuzi 60. Inasuguliwa mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde, kwa dakika 75. Kisha wanaiweka chini ya hadubini na kupima kovu. Ulaya wanaruhusu kovu lisizidi mikroni 460, Marekani 520. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Dizeli ikishindwa mtihani huo, huongezewa dawa ya kulainisha kabla haijafika kwenye pampu ya kituo. Dawa hiyo huwa ni asidi za mafuta au esta zake, na kiasi chake ni kidogo mno, kwa kawaida sehemu makumi kadhaa hadi mia chache kwa milioni. Sasa linganisha na kipimo cha gereji: mililita 100 kwa lita 20, yaani moja kwa 200. Hizo ni sehemu 5,000 kwa milioni! Na bado inafanya kazi ndogo kuliko dawa ile, kwa sababu sehemu kubwa ya oili ya tu-stroki ni oili ya kawaida ya madini isiyo na kichwa cha kushika chuma.

“Imepimwa Marekani ikaonekana ndiyo kiboko”

Kuna jaribio la mwaka 2007 ambalo watu hulitaja kila mara, tena kwa kusoma upande mmoja. Wapenzi wa magari ya dizeli walipeleka viongezo vingi maabara. Dizeli tupu waliyoanza nayo ilitoa kovu la mikroni 636. Oili ya tu-stroki ilisaidia kiasi, hilo tukubali. Iliyoongoza ni biodizeli ya soya, asilimia 2 tu, iliyoshusha kovu hadi 221. Lakini kumbuka walianza na dizeli ambayo haijatiwa dawa yoyote. Unayonunua kituoni inatakiwa iwe imeshatiwa, kwa hiyo nafasi ya kuona tofauti kubwa kama ile haipo.

Na kabla hujakimbilia jikoni: mafuta ya alizeti ya kupikia si biodizeli. Biodizeli hupikwa na methanoli ili kutoa gliserini. Mafuta ya kupikia yakiingia mabichi ni mazito, yanaganda kwenye ncha za nozeli na kuacha gundi.

“Oili yoyote inafaa, hata chafu”

Hapana. Oili iliyotolewa kwenye injini ina masizi, vumbi la chuma na dawa zenye kalsiamu na zinki zinazobaki kama majivu. Filta ndiyo ya kwanza kulalamika.

“Nimeweka, gari limetulia na linawaka vizuri”

Sikatai kwamba mtu amesikia tofauti. Ila kulika kwa plunja hakusikiki kwa sikio, na mlio wa dizeli hubadilika kwa mambo mengi: tenki jipya la mafuta kutoka kituo kingine, hali ya hewa, hata filta aliyobadilisha siku hiyohiyo aliyoweka oili.

Mfano unaokuja gereji kila mara ni gari linalogoma likiwa la moto. Asubuhi linashika kwa nusu starti. Ukilizima limechemka, piga starti mpaka betri ilie, haliwaki hadi lipoe. Fundi wa pampu mwenye uzoefu anachukua kitambaa kilicholowa maji, anakizungushia pampu, anasubiri kidogo, gari linawaka. Maana yake kichwa cha pampu na plunja vimeshalika: dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Hapo ndipo jirani anaposema weka tu-stroki, itafanya dizeli iwe nzito. Mililita 300 kwenye tenki la lita 60 hazibadilishi uzito wa dizeli kwa kiasi cha kuziba pengo hilo, na hakuna oili inayorudisha chuma kilicholika. Pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia.

Kuna pia pampu zinazoanza kuvuja baada ya kuhamia dizeli safi. Watu husema zimekauka kwa kukosa oili. Kumbe ni sili za mpira: zilizoea dizeli ya zamani iliyokuwa inazivimbisha, ikija mpya zinanywea. Dawa ni kubadilisha sili.

“Hata D-4D weka tu”

Hapa naweka mguu chini. D-4D ni dizeli za Toyota za komoni reli, yaani bomba moja la mgandamizo hulisha nozeli zote. Injini za aina hii zinasukuma dizeli kwa mgandamizo unaozidi baa 1,300, kupitia matundu ya nozeli membamba kuliko milimita moja kwa mbali sana. Si mahali pa kujaribia mambo. Kama gari lina chujio la masizi kwenye ekzosi, majivu ya oili yanabaki humo na hayaungui. Chupa yenye alama ya TC-W3, ya mashine za boti, haina madini ya majivu. Oili nyingi za tu-stroki za pikipiki zinayo. Mwenye 1HZ ya zamani akiweka moja kwa 200 sitagombana naye, anapoteza hela kidogo tu. Akiongeza kipimo ili “ifanye kazi zaidi”, atavuna moshi na mkaa kwenye nozeli.

“Wamenijazia petroli kimakosa, nimwagie lita ya tu-stroki niende”

Usiwashe. Hata swichi usiiweke kwenye “on”, maana magari mengine pampu ya tenki huanza kusukuma hapohapo. Tenki limwagwe.

“Inatibu dizeli iliyochakachuliwa”

Mafuta ya taa ndiyo adui wa zamani. Tanzania, EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukamata wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya. Mafuta ya taa ni mepesi na yanalainisha vibaya kuliko dizeli. Ukiwa hujui umeuziwa kiasi gani, utapimaje oili ya kufidia? Badilisha kituo, omba risiti.

Tena pampu nyingi zinazosingiziwa mafuta makavu zimekufa kwa maji, hasa za wanaonunua kwenye madumu na mapipa. Oili ya tu-stroki haiyatoi maji. Chini ya filta ya dizeli ya Toyota nyingi kuna plagi ya kulegeza kwa mkono, na juu kuna pampu ya mkono. Weka chupa inayoonyesha ndani chini, legeza, piga pampu polepole. Maji yatakaa chini ya chupa, dizeli juu. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kaza, kisha piga tena mpaka pampu ya mkono iwe ngumu, hewa imeisha. Taa ya filta kwenye dashibodi ikiwaka, fanya hivyo siku hiyohiyo.