Himaya ya samaki ni nini?

Katika baiolojia, himaya ni eneo ambalo mnyama hulilinda ili wengine wasiingie. Kuishi mahali hakutoshi. Pasipo ulinzi, hapo ni makazi tu.

Mfano unaozoeleka ni simba. Kwa wanafunzi wetu wa hapa Moshi, ambao wengi wanamjua samaki akiwa tayari sokoni, mimi ningeanza na Stegastes nigricans, samaki wa sentimita 14 hivi anayeishi kwenye matumbawe kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Anastahili kujulikana, kwa sababu anacholinda ni shamba.

Ndani ya himaya yake huota mwani mwekundu, mwembamba, wa jenasi ya Polysiphonia, na ndio chakula chake. Mwani mwingine ukichipua, huung'oa kwa mdomo akautema nje. Watafiti wa Japani, Hiroki Hata na Makoto Kato, walichunguza mashamba hayo Okinawa, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba mwani nao unamtegemea mkulima wake. Samaki akiondolewa, walaji wengine huumaliza. Walaji hao wakizuiwa, bado mwani huo husongwa na mwani mwingine unaokua haraka zaidi.

Mtu wa Marangu au Kibosho atakiona hapa kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, ila hakuna masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Mpaka wa samaki huyu ni pale anapoacha kufukuza, na watafiti huupima hivyohivyo, kwa kutazama anamfukuza nani na anaishia wapi.

Hafukuzi wote kwa ukali uleule. Pono na kangaja, walaji wa mwani, hukiona cha moto hata wakiwa wakubwa kuliko yeye, na mzamiaji akisogea huweza kudonolewa. Anayepita tu bila kugusa mwani wala mayai husumbuliwa kidogo. Kangaja mmoja hatoboi, lakini wakivamia kwa kundi mwenye shamba hulemewa.

Matumbawe nayo huumia. Ndugu yake wa Karibi, Stegastes planifrons, huuma matumbawe hai mpaka sehemu ife, mwani upate pa kuota.

Si jamii yote ya Pomacentridae, ambayo samaki hawa wawili wamo, inayolima. Wale wa jenasi ya Chromis hula vijidudu vinavyoelea majini, wakiwa makundi. Hao hawana shamba la kulinda, ingawa dume hulinda mayai msimu wa kuzaliana.