Kucheua kwa mtoto mchanga: maana yake, na lini ni ugonjwa

Kucheua ni maziwa kurudi kutoka tumboni hadi mdomoni bila mtoto kujikaza. Amenyonya, ametulia, mara maziwa yanachuruzika pembeni mwa mdomo na kulowanisha khanga ya begani, naye anaendelea kushangaa taa kana kwamba hayamhusu. Kutapika ni jambo jingine. Hapo tumbo hujibana, uso hubadilika, na maziwa hutoka kwa nguvu. Mama wengi huja kliniki wakisema mtoto "anatapika kila kitu" wakati kinachotokea ni kucheua, na tofauti hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kujua kama mtoto ni mgonjwa au la.

Chanzo chake ni maumbile. Mwishoni mwa umio, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kipite kisha unajifunga. Kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea mara kwa mara bila mpangilio. Tumbo lenyewe ni dogo, chakula chote ni maji, na sehemu kubwa ya siku mtoto amelala. Maziwa yakirudi baada ya muda huwa yameganda na yana uchachu kama mtindi, kwa sababu yamekutana na tindikali ya tumbo. Hiyo si dalili kwamba maziwa ya mama "yameharibika" au "yamepigwa na baridi". Yameanza kusagwa, basi.

Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Kwa kawaida huanza kabla ya wiki 8, huzidi karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula vyakula vizito. Akitimiza mwaka mmoja, watoto 9 kati ya 10 huwa wameacha bila dawa yoyote.

Kinachotisha ni ukubwa wa doa. Jaribu hivi: mimina kijiko kimoja cha chai cha maziwa juu ya khanga kavu, uone yanavyosambaa. Hizo ni mililita 5 tu, lakini ukikuta doa la namna hiyo kwenye shuka utaapa kwamba mtoto ametoa titi zima.

Kwa hiyo usipime kwa doa, pima kwa kadi ya kliniki. Mtoto hupungua uzito kidogo siku za kwanza, na kufikia wiki ya pili anatakiwa awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo, kwa miezi 3 ya mwanzo, wengi huongeza takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Kama mstari kwenye kadi unapanda, mtoto anakojoa vizuri (mara 6 au zaidi kwa siku) na amechangamka, basi anacheua tu. Kazi uliyonayo ni ya kufua.

Tatizo ni kwamba nyumbani hakuna anayeitazama kadi. Mzazi aliyejifungua Machame au Marangu amezungukwa na mama mkwe, shangazi na majirani wanaoleta mtori, na kila mmoja ana jibu lake. Mtori hauna shida, kula. Shida inaanza mtu anaposema ni mchango wa tumbo, apewe dawa ya majimaji ya dukani au maji ya mizizi. Mwingine anasema maziwa ni mepesi mno, aongezewe uji ili yakae tumboni. Kabla ya miezi 6 mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Uji mwepesi unajaza tumbo pasipo kumpa anachohitaji, na ukiandaliwa kwa maji au chombo kisicho safi, unamletea kuhara, ambako ni hatari kuliko kucheua kokote.

Nitasema wazi zaidi kuhusu kimeo. Bado kuna watu wanaompeleka mtoto anayetapika au kukohoa akakatwe kimeo, na wengine humng'oa vichipukizi vya meno wakiviita meno ya plastiki. Kimeo kiko kooni. Msuli unaolegea uko chini kabisa, kwenye mlango wa tumbo. Ukikata cha juu, cha chini hakibadiliki hata chembe. Unachopata ni damu nyingi kutoka kwa kiumbe mwenye damu kidogo, kidonda mdomoni kinachomzuia kunyonya, na hatari ya pepopunda. Shikamoo za heshima zipo, lakini kwenye hili mama mkwe akatazwe.

Mambo yanayosaidia ni ya kawaida mno, labda ndiyo maana watu huyadharau. Hakikisha mtoto ameshika titi vizuri, mdomo wazi na sehemu kubwa ya weusi wa titi ikiwa ndani, ili asimeze hewa. Mcheulishe, yaani mtoe hewa tumboni, katikati ya kunyonya na mwishoni. Kisha mwache wima kifuani au begani dakika 20 hadi 30 kabla ya kumlaza. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi badala ya kumsubirisha hadi ajipakie kwa pupa. Baridi ya Juni na Julai, iwe Arusha mjini au Moshi vijijini, hufanya watu wamfunge mtoto nguo juu ya nguo hadi tumbo linabanwa. Mvalishe joto, lakini kiunoni palegee. Kumbeba kwa mbeleko iliyokazwa mara tu baada ya kunyonya nako kunasukuma maziwa juu. Subiri kidogo, hata kama daladala iko karibu kuondoka.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, angalia kiasi. Mtoto mdogo huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima, kwa hiyo wa kilo 5 ni kama mililita 750. Mara nyingi anayecheua sana anapewa kupita hapo. Usiongeze unga wala kupunguza maji ili maziwa yawe mazito. Maziwa mazito ya kuzuia kucheua yapo, lakini ni ya kuelekezwa na daktari.

Na usingizi? Alale chali, juu ya godoro bapa, bila mto. Wengi humlaza kwa tumbo au ubavu wakiogopa atapaliwa, ilhali akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi hayaingii kirahisi. Kumlaza kwa tumbo ndiko kunakoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Kulia peke yake hakuthibitishi ugonjwa. Karibu kila mtoto hulia zaidi wiki ya 6 hivi, na kumpa dawa za kupunguza tindikali mtoto anayekua vizuri hakumsaidii. Kucheua kunaitwa ugonjwa pale kunapomdhuru: haongezeki uzito, anakataa titi, analia na kujikunja mgongo kila akinyonya, au kifua kinamsumbua mara kwa mara. Watoto njiti na wenye mtindio wa ubongo hupata hali hii zaidi. Kama pia ana ukurutu au kamasi na damu kwenye choo, daktari huenda akafikiria mzio wa maziwa ya ng'ombe, na mama akaombwa ayaache kwa wiki kadhaa.

Zipo hali ambazo hazisubiri siku ya kliniki. Matapishi ya kijani ni nyongo, na kwa mtoto mchanga huweza kumaanisha utumbo umejisokota. Hapo saa zina thamani. Damu vilevile, ingawa kama chuchu zako zimechanika, damu inaweza kuwa yako. Kati ya wiki ya 2 na ya 8, mtoto anayetapika kwa kurusha mbali kila baada ya kunyonya, kisha anataka titi tena kwa njaa, anaweza kuwa na msuli ulionenepa kwenye tundu la kutokea tumboni. Huwapata zaidi wa kiume, na hutibiwa kwa upasuaji. Kwenye orodha hiyo ongeza homa, tumbo lililovimba, utosi uliotuna au uliobonyea, kupumua kwa shida, kulegea, au mkojo kupungua. Pia kutapika kulikoanza baada ya miezi 6.

Ukiona mojawapo, nenda hospitali ya Mawenzi (Moshi), Mount Meru (Arusha) au kituo cha afya kilicho karibu, hata usiku; wakihitaji watakupa rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi. Beba kadi ya kliniki, na ile khanga yenye doa usiifue kwanza. Rangi ya kijani daktari aione mwenyewe.