Je, wajua kwa nini spishi mpya ya kirukamajani hutambuliwa kwa uume wake?

Mwaka 2022 dunia ilipata jina jipya la mdudu kutoka msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda: Phlogis kibalensis. Aliyemkusanya mwaka 2018 ni Alvin Helden, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza. Kabla ya hapo, mara ya mwisho mdudu wa jenasi ya Phlogis (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu) kuonekana ilikuwa 1969, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ni kirukamajani, mdudu wa milimita chache anayefyonza mimea na kufyatuka akiguswa. Si panzi, ni ndugu wa nyenje na vidukari.

Mwili wake una vishimo-vishimo na unang'aa kama chuma. Nilipomwona pichani niliamini kabisa kwamba mng'ao huo ndio uliomtambulisha. Sivyo, na kosa hilo ni la wengi, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Rangi ya kirukamajani haiaminiki. Wa kijani akikauka huweza kugeuka manjano. Dume na jike wa spishi moja huweza kutofautiana rangi hadi ukadhani ni wageni kwa kila mmoja. Kinyume chake pia hutokea: jenasi ya Empoasca imejaa wadudu wa kijani ambao kwa nje huwezi kuwatenganisha, ilhali ni spishi mbalimbali. Umbo la nje hukufikisha kwenye familia, pengine hata jenasi, lakini mara nyingi si kwenye spishi: miundi ya miguu ya nyuma ina safu za miiba, basi huyu ni kirukamajani. Lakini familia hiyo ina zaidi ya spishi 20,000.

Ndipo mtaalamu hulitenga fumbatio, yaani tumbo, la dume na kulipasha moto katika mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi, kemikali inayoyeyusha nyama. Ni kama kuchemsha nyama mpaka iachane na mfupa: misuli na mafuta huyeyuka, khitini, yaani ganda gumu la mdudu, hubaki, safi na angavu. Mabaki hayo huwekwa katika tone la gliserini na kugeuzwa taratibu kwa ncha ya sindano chini ya hadubini. Unaona kisanduku cha nyuma, vibao viwili chini yake, kiungo ambacho mara nyingi huwa na umbo la Y, kulabu mbili, na katikati uume: mrija uliopinda, pengine wenye miiba au pembe nchani. Fikiria funguo mbili za fundi mmoja. Vishikio ni vilevile. Tofauti iko kwenye meno.

Mfano huo wa ufunguo ni wa zamani. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour, mtaalamu wa wadudu, alidai kwamba kila dume ana ufunguo unaoingia kufuli ya jike wa spishi yake pekee. Inapendeza, ila ushahidi wake ni hafifu. Virukamajani huitana kwa kutetemesha shina la mmea, kila spishi kwa mlio wake, hivyo hutambuana kabla hata ya kugusana. Mwaka 1985 mwanabiolojia William Eberhard alitoa maelezo mengine: majike hupendelea mbegu za madume fulani, na upendeleo huo huyabadilisha maumbo hayo haraka kuliko sehemu nyingine za mwili. Mjadala haujafungwa.

Na hata uume una mipaka yake. Katika miaka ya 1950 Mjerumani H. J. Müller alifuga virukamajani wa jenasi ya Euscelis chini ya mwanga wa saa tofauti. Urefu wa mchana ulibadilisha ukubwa wao, rangi, na umbo la uume wenyewe! Baadhi ya waliohesabiwa kuwa spishi mbalimbali walikuwa mdudu mmoja wa misimu miwili. Kwa hiyo inapowezekana, hukaguliwa madume kadhaa kabla ya jina kutolewa, na viungo vya kila mmoja huhifadhiwa katika kichupa kidogo sana kinachochomekwa kwenye pini ileile inayomshikilia mwenyewe.

Na yule wa Kibale? Sehemu ya viungo vyake vya uzazi ina umbo la jani.