Nakala ya hukumu haiombwi kwa mdomo

Katika ofisi nyingi za mawakili, kufuatilia nakala mahakamani ni kazi ya karani mgeni, yule aliyeripoti Jumatatu. Anapewa nauli, anaambiwa, "Kaulizie masjala kama ile hukumu imetoka." Anakwenda, anajibiwa bado, anarudi. Anakwenda tena wiki inayofuata. Mwezi unakatika, na ukifungua jalada la mahakama hukuti hata karatasi moja inayoonyesha kwamba ofisi hiyo iliwahi kuomba chochote.

Nami nilianzia huko huko dirishani. Maneno yanayosemwa kuhusu nakala za mahakama hapa Tanzania mengi si uongo mtupu. Yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Linaloongoza ni hili: "Tulishaulizia, wanatujua." Kama rufaa inatoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, kujulikana hakusaidii kitu. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inampa mrufani siku 60 tangu alipowasilisha notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, awe amefungua rufaa yenyewe. Siku ambazo Msajili wa mahakama alizitumia kuandaa mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani, zinaweza kuondolewa katika hesabu hiyo, na Msajili hutoa cheti cha kuzithibitisha. Lakini nakala iwe imeombwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Maombi yawe ya maandishi. Na nakala ya barua hiyo iwe imemfikia mjibu rufaa.

Hilo la tatu ndilo linaloumiza watu. Barua inaandikwa vizuri, inagongwa muhuri wa kupokelewa masjala, chini yake pameandikwa "Nakala kwa" na jina la wakili wa upande wa pili. Kisha inafungiwa kwenye faili la ofisi. Kuandika "Nakala kwa" si kupeleka. Siku ya kusikilizwa mwenzako atasimama aseme hakuwahi kuiona, nawe huna sahihi wala muhuri wake. Hapo cheti cha Msajili hakikuokoi, unarudi kwenye zile siku 60, na kwa kawaida zilishapita zamani. Wapo wanaokimbilia ibara ya 107A ya Katiba, ile ya kutofungwa na ufundi wa kisheria kupita kiasi, wakidhani inatibu kila jeraha. Hili haitibu. Kwa hiyo karani anayetumwa na barua atoke na kitabu cha kupokelea, arudi na sahihi mbili: ya masjala na ya ofisi ya wakili mpinzani.

Dhana ya pili inatokana na hiyo: "Tumeshaandika, sasa tunasubiri kupigiwa simu." Zamani mtu aliweza kukaa hata mwaka na barua yake akajitetea hivyo. Marekebisho ya Kanuni hizo ya mwaka 2019 yalibadili mambo. Msajili anatakiwa mwenendo uwe tayari ndani ya siku 90 tangu ulipoombwa. Mrufani naye anatakiwa aufuate mara anapoarifiwa. Asipoarifiwa, ajitokeze mwenyewe ndani ya siku 14 baada ya zile 90 kuisha. Kimya cha mahakama, kwa maneno mengine, hakikupi tena ruhusa ya kulala. Mimi siku barua inapopokelewa huandika tarehe mbili kwenye kalenda ya ukutani, ya siku ya 90 na ya siku ya 104, kwa wino mwekundu. Siku hizo zikifika bila nakala, inaandikwa barua nyingine ya kukumbushia, nayo inagongwa muhuri.

Wengine wanadhani hawawezi kuanza lolote kabla hukumu haijachapwa. Notisi ya rufaa haingoji nakala. Ina siku zake 30 tangu uamuzi, na unaweza kuipeleka hata kama ulichonacho ni yale uliyoyasikia hukumu ikisomwa.

Kwa rufaa za madai zinazotoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, hofu inageuka upande mwingine. Ofisi inapokea dikrii, ile amri rasmi inayotokana na hukumu, imechelewa, inashtuka, inafungua maombi ya kuongezewa muda, na miezi inapotea huko. Mara nyingi hayakuhitajika. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kifungu cha 19, inaziondoa siku zilizotumika kupata nakala, na Mahakama ya Rufani ilieleza katika Rufaa ya Madai Namba 16 ya 2017 kwamba siku hizo hujiondoa zenyewe ikiwa kumbukumbu zinaonyesha tarehe tatu: uamuzi ulitolewa lini, nakala iliombwa lini, ilitolewa lini. Tarehe ya kwanza na ya tatu hupatikana kwa urahisi. Ya kati inategemea ile ile barua.

Mahakama ya Mwanzo ina habari yake. Anayekata rufaa kutoka huko kwenda Mahakama ya Wilaya ana siku 30, na kuambatanisha nakala ya hukumu si sharti. Mteja anayeambiwa "subiri nakala kwanza" kwa shauri la Mahakama ya Mwanzo anapotezewa siku bure.

Halafu kuna intaneti. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinapatikana bila malipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na vijana wa ofisini huona hakuna haja ya kupanga foleni: unachapa, wakili anagonga muhuri wake wa "nakala halisi", kazi imekwisha. Kwa kusoma na kunukuu, sawa kabisa. Kwa kuweka kwenye kumbukumbu ya rufaa, hapana. Kwa Sheria ya Ushahidi, nyaraka za mahakama ni nyaraka za umma, na anayezithibitisha ni ofisa anayezitunza: anaandika mwishoni kwamba ni nakala sahihi, anaweka tarehe, sahihi, jina na cheo, na muhuri wa mahakama. Muhuri wa wakili hauchukui nafasi hiyo hata ukiwa mpya namna gani.

Kuhusu lugha sitakaa sana. Tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo barua ya maombi ya Kiswahili chepesi inatosha: namba ya shauri, majina ya wahusika, tarehe ya uamuzi, na orodha ya unachotaka. Taja kila kitu: mwenendo, hukumu, dikrii, vielelezo. Ukiandika "nakala ya kesi" utapewa kile karani wa masjala atakachoelewa.

Na ukishapewa, usiondoke dirishani. Hesabu kurasa. Angalia majina ya wahusika. Kisha shika hukumu mkono mmoja na dikrii mkono wa pili, usome tarehe: dikrii inatakiwa kubeba tarehe ile ile hukumu iliposomwa, si tarehe iliyochapwa wala iliyosainiwa. Zikitofautiana, irudishe hapo hapo irekebishwe, hata kama umebaki na nauli ya kurudi tu.