Kwa nini "meat" na "meet" hutamkwa sawa?

Ukisikia Mwingereza akitamka "miit", sikio pekee haliwezi kukuambia kama anataja nyama (meat) au kukutana (meet). Ndivyo ilivyo kwa sea, yaani bahari, na see, yaani kuona. Tena knight, yule askari wa farasi wa zamani, na night, usiku. Je, wajua kwamba Mwingereza wa miaka 600 iliyopita asingechanganya hata jozi moja kati ya hizo?

Wakati huo knight ilianza kwa k inayosikika, na gh ilikuwa sauti ya kukwaruza inayokaribia kh ya "kheri". Meet ilikuwa na e ndefu ya kinywa kilichobanwa kidogo, meat e ndefu ya kinywa kilichopanuka zaidi. Maneno mawili, sauti mbili, tahajia mbili.

Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa mageuzi hayo jina: Mhamo Mkuu wa Irabu. Ulimi ulizidi kuinuliwa, e ya meet ikawa i. Ile ya meat ilipanda nyuma yake polepole, mwishowe zikakutana. Great, break na steak hazikufika huko, ndiyo maana ea yake husomwa "ei" na kuwasumbua wanafunzi mpaka leo.

Sauti zikiwa bado safarini, mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Westminster. Wachapaji walishika tahajia za zamani, nazo zikazidi kuganda huku vinywa vikiendelea kubadilika. K ya knight ilinyamaza katika karne ya 17, lakini kwenye karatasi ipo.

Flour (unga) na flower (ua) zina kisa cha kinyume. Hizo zilikuwa neno moja lililotoka Kifaransa, unga ukiitwa ua la nafaka, sehemu yake bora. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 haikuzitenganisha.

Tahajia yetu sanifu ilipangwa baada ya mwaka 1930 kwa kufuata Kiunguja, kwa hiyo bado iko karibu na matamshi. Hata hivyo, wako wanaosema "feza" na kuandika fedha. Naona hapo mwanzo wa jambo lilelile.

Lakini zipo jozi ambazo masikio yetu ndiyo huzifanya zilingane. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na 20 hivi. Ship (meli) na sheep (kondoo) zote huangukia kwenye i yetu moja. Walimu wengi husema tofauti ni urefu tu, na nadhani hapo ndipo wanafunzi wanapokwama, kwa sababu i fupi ya "kiti" bado si i ya ship. Tamka i, kisha shusha ulimi kidogo kuelekea e na ulegeze midomo: hiyo ni ship. Kwa sheep, ulimi ubaki juu, midomo ivutwe pembeni, na sauti irefushwe. Ukiweza hizo, jaribu live (kuishi) na leave (kuondoka), kisha fill (kujaza) na feel (kuhisi).