"Lethal" si "hatari" tu

Wafasiri wengi wanaotuletea kazi tuwapitie istilahi huandika "hatari" kila wanapokutana na neno la Kiingereza "lethal". Kwenye habari za mpira sina ugomvi nao: mshambuliaji anayesifiwa kuwa "lethal" ni hatari kweli, na hakuna kipa aliyezikwa. Kwenye lebo ya kiuatilifu, hapo "hatari" inapwaya. Barabara yenye utelezi ni hatari, mbwa wa jirani naye ni hatari. "Lethal" inasema jambo moja: hiki kinaua.

Shina lake ni la Kilatini, "letum", yaani mauti. Herufi "h" iliingia kwa sababu wasomi walilihusisha neno hilo na Lethe, ule mto wa hekaya za Kigiriki ambao wafu wakinywa maji yake husahau ya duniani. Kosa likazoeleka, leo ndiyo tahajia sahihi.

Ndugu yake wa karibu ni "fatal", na hapa ndipo wengi hujikwaa. "Lethal" hutazama uwezo, "fatal" mara nyingi hutazama yaliyokwisha kutokea. Bunduki ni "lethal" hata ikiwa imefungiwa kabatini. Jeraha huitwa "fatal" mtu akishafariki. Kiswahili hakihangaiki kutafuta vivumishi viwili, kitenzi kinamaliza kazi: sumu inayoua, ajali iliyoua. Ndiyo maana "ajali mbaya" inanikera inapowekwa mahali pa "fatal accident". Ajali mbaya mtu anaweza kutoka na mguu uliovunjika, akapona.

Lakini lebo za kemikali huivunja kanuni hiyo. Katika GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, maneno "Fatal if swallowed" huandikwa kabla hajafa mtu yeyote, kwenye kemikali ambayo LD50 yake kwa njia ya kumeza haizidi miligramu 50 kwa kilo moja ya uzito wa mwili. LD50, kipimo alichokianzisha mwanasayansi Mwingereza Trevan mwaka 1927, ni dozi inayotosha kuua nusu ya wanyama wa majaribio. Sasa mfasiri akiandika "Ni hatari ikimezwa", mkulima anaweza kuelewa kwamba ataumwa tumbo, anywe maziwa, alale. Sisi tunapendekeza "Inaua ukimeza". Ni maneno mawili, yanaenea hata kwenye kichupa kidogo.