Uanarkisti: Kupinga Watawala si Kupinga Utaratibu

Tunaposikia kwamba nchi fulani imetumbukia katika anarkia, tunaelewa kuwa serikali imeanguka, wenye bunduki wanapora na raia hana pa kukimbilia. Matumizi hayo ni sahihi. Ila uanarkisti kama itikadi ya kisiasa ni jambo jingine kabisa, na anayeichukulia kuwa wito wa fujo ataihukumu kabla ya kuisikiliza.

Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alijitangaza kuwa mwanarkisti mwaka 1840. Alichokikataa ni utaratibu unaoshushwa kutoka juu na kulindwa kwa polisi na jeshi. Wafuasi wa fikra hizi walitaka watu waungane kwa hiari, waamue mambo yao wenyewe, kisha vikundi vyao vifanye shirikisho. Mrusi Mikhail Bakunin alikwenda mbali zaidi: alionya kwamba hata wanamapinduzi wakishika dola kwa jina la wafanyakazi, watageuka tabaka jipya la watawala. Ugomvi wake na Karl Marx uliishia kwa yeye kufukuzwa katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi mwaka 1872. Kwangu mimi, onyo hilo ndilo mchango mkubwa kuliko yote wa itikadi hii, na yaliyotokea baadaye Urusi yalilithibitisha.

Wapo waliochagua kuua. Rais William McKinley wa Marekani alipigwa risasi mwaka 1901 na mtu aliyejiita mwanarkisti, na sifa hiyo mbaya haijafutika. Hata hivyo, nguvu halisi ya uanarkisti ilikuwa katika vyama vya wafanyakazi.

Tazama Barcelona, Hispania, Julai 1936. Baada ya jaribio la mapinduzi ya kijeshi kuzimwa mjini humo, wafanyakazi wa tramu, wengi wao wanachama wa CNT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la waanarkisti, walichukua uendeshaji wa kampuni. Walikarabati njia zilizoharibiwa na mapigano ya mitaani, na baada ya siku chache tramu zilikuwa zinatembea, zimepakwa rangi nyekundu na nyeusi za chama chao.

Lakini jaribio hilo la mapinduzi liliiingiza Hispania katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vita hivyo vilihitaji silaha, fedha na amri moja, mambo ambayo shirikisho la hiari halikuweza kuyapata upesi. Novemba 1936 waanarkisti wanne waliingia serikalini mjini Madrid wakiwa mawaziri, na wenzao wengi waliona kuwa wamesalitiwa.